Kabla ya Kununua i7, Tazama Meno

 

Msikilizaji wangu, jioni hii nimekuja na jambo la kitu kidogo sana. Ni kimraba cha chuma na silikoni kisichofika sentimita 4 kila upande. Kinakaa ndani ya kompyuta ya mezani, chini ya feni, na wengi wanaokitumia kila siku hawajawahi kukiona kwa macho. Lakini mwaka huu kimraba hicho kitakula pesa za shule zetu, za vibanda vyetu vya steshenari, za vijana wetu wa studio, na nyingine zitaliwa bure kwa sababu ya kutojua kusoma namba moja. Namba hiyo ndiyo nataka tuisome pamoja.

Wiki chache zilizopita nilikuwa kwenye meza yangu ya ufundi, hapa Musoma, karibu na Barabara ya Mukendo. Akaingia mwalimu mmoja mtu mzima, ametoka Bunda na basi la asubuhi.

“Shikamoo, Mwalimu,” nikamwambia.

“Marahaba, baba. Nimeambiwa wewe ni fundi. Naomba unisomee hizi karatasi.”

Akafungua mkoba, akatoa profoma mbili kutoka maduka mawili. Shule yake inataka kununua kompyuta za ofisi ya taaluma. Profoma ya kwanza imeandikwa: kompyuta ya mezani, Core i7, RAM gigabaiti 8, diski gigabaiti 500. Ya pili: kompyuta ya mezani, Core i3, RAM gigabaiti 8, SSD gigabaiti 256. Bei zinakaribiana sana.

“Bodi ya shule imekaa,” akasema, “na imeona tuchukue i7. Saba ni kubwa kuliko tatu. Na kwa bei hiyohiyo! Lakini moyo wangu umesita, ndiyo maana nikapanda basi.”

Msikilizaji, nilimheshimu mama yule kwa ule moyo kusita. Nikamuuliza swali moja tu: “Mwalimu, hiyo i7 ni ya kizazi cha ngapi?” Akatazama karatasi, akaigeuza nyuma, akaitazama tena. Haikuandikwa. Na ile ya i3 pia haikuandikwa. Tukapiga simu katika maduka yote mawili. La kwanza likajibu kwamba ni i7-2600. La pili likajibu kwamba ni i3-10100. Na hapo mazungumzo yetu ya leo ndipo yanapoanzia.

Kwanza tuelewane majina. Mtaani tumezoea kuliita kasha zima la kompyuta “sipiyu”. Mtu anakuja dukani anasema, “Fundi, sipiyu yangu haiwaki.” Hakuna ubaya, tunaelewana. Lakini CPU yenyewe hasa ni kile kimraba nilichokitaja, ambacho mafundi tunakiita prosesa, na katika vitabu vya Kiswahili utakikuta kikiitwa kichakataji. Ndicho kinachofanya hesabu zote. Ukibonyeza herufi, ukifungua picha, ukijumlisha alama za wanafunzi, amri inapita hapo.

Jina la prosesa za Intel za familia ya Core, hizi zilizojaa katika maduka yetu ya kompyuta zilizotumika, lina sehemu mbili. Kabla ya kistari kuna cheo: i3, i5, i7. Baada ya kistari kuna namba, na mwanzo wa namba hiyo ndio kizazi. Kwa kompyuta za mezani kanuni ni rahisi. Tarakimu baada ya kistari zikiwa nne, soma ya kwanza. Zikiwa tano, soma mbili za kwanza. Kwa hiyo i7-2600 ni kizazi cha 2. Ukiona i5-4570, hiyo ni ya kizazi cha 4. Na i3-10100 ni kizazi cha 10.

Sasa nikuulize wewe mfugaji uliyeko Butiama, wewe uliyeko Bunda. Ukienda mnadani kununua ng’ombe, unaishia kutazama pembe na rangi? Huishii hapo. Unamshika taya, unamfunua mdomo, unatazama meno. Meno ndiyo yanayokuambia umri. Ng’ombe anaweza kuwa na pembe za kutisha, lakini meno yakishaisha unajua umri umemtupa mkono. Basi cheo cha i7 ni pembe, na namba ya kizazi ndiyo meno. Pembe huandikwa kwa herufi kubwa kwenye stika iliyobandikwa mbele ya kasha. Meno inabidi uyatafute mwenyewe.

Tuyatazame meno ya hawa wawili. Prosesa ya i7-2600 ilitoka Januari 2011. Ilipotoka ilikuwa fahari kwelikweli. Intel waliitangaza kwa bei ya dola 294, na iliingia katika kompyuta za ofisi za daraja la juu, kama Dell OptiPlex 990 na HP Compaq 8200 Elite. Ofisi za ng’ambo zikazitumia miaka yao, zikaziondoa, zikasafirishwa kama mitumba mingine, zikatufikia. Nayo i3-10100 ilitoka mwaka 2020, kwa bei ya kutangazwa ya dola 122. Kati yao kuna miaka tisa. Mtoto aliyezaliwa mwaka ilipotoka i7-2600 alikuwa darasa la tatu au la nne ilipotoka i3-10100.

Sasa sikiliza kinachowashangaza wengi. Ukizipanga sifa zao kwenye karatasi, zinafanana mno. i7-2600 ina viini 4, na kila kiini kinashika nyuzi 2 za kazi, jumla nyuzi 8. i3-10100 nayo ina viini 4 na nyuzi 8. Mapigo ya i7 huanzia gigahezi 3.4 na kupanda hadi 3.8 kazi ikizidi. Ya i3 huanzia 3.6 na kupanda hadi 4.3. Na akiba ya ndani, ile inayoitwa kache, i7 ndiyo yenye kubwa: megabaiti 8, na i3 ina 6. Mtu akisoma karatasi hiyo haraka atasema, “Kumbe ni sare, na pengine i7 inashinda kidogo.”

Lakini ukizipa kazi, si sare. PassMark ni moja ya vipimo vinavyotumika sana duniani kulinganisha prosesa. Huko i7-2600 hupata alama zinazozidi kidogo 5,000. i3-10100 hupata zaidi ya 8,000. Hata ukipima kiini kimoja kimoja, ile i3 humzidi mkubwa wake kwa karibu nusu. Tatu imeipita saba! Nilipomwambia hivyo, mwalimu wangu wa Bunda aliweka miwani mezani.

“Nieleze taratibu,” akasema. “Viini sawa, mapigo karibu sawa. Hiyo nguvu nyingine inatoka wapi?”

Nikamweleza hivi, na wewe nisikilize. Fikiria mashamba mawili yanayopakana, kila moja lina watu wanne wanalima kwa jembe la mkono. Hao watu wanne ndio viini. Gigahezi ni idadi ya majembe yanayoshuka ardhini kwa sekunde: gigahezi 3.4 ni mapigo bilioni 3.4. Katika mashamba haya mawili majembe yanashuka kwa mwendo unaokaribiana. Tofauti kati ya 3.8 na 4.3 ni kama asilimia 13 tu. Lakini shamba la kwanza wanalima kwa jembe lililochongwa mwaka 2011, jembamba. Shamba la pili wana jembe pana, lililonolewa vizuri, na kila likishuka linageuza udongo mwingi zaidi. Anayehesabu mapigo peke yake hataona tofauti. Anayekuja jioni kupima eneo lililolimwa ataiona.

Upana huo wa jembe ndiyo kazi ambayo wahandisi wameifanya mwaka hadi mwaka. Vizazi vingi vipya vinajifunza kubashiri vizuri zaidi amri itakayofuata, vinajifunza kufanya amri nyingi kwa pigo moja. Vijinjia vya umeme vilivyochorwa juu ya silikoni vimekuwa vidogo: i7-2600 ilitengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 32, i3-10100 kwa nanomita 14. Mwaka 2013 Intel iliongeza seti mpya ya amri iitwayo AVX2, inayoruhusu namba nyingi kuchakatwa kwa mkupuo mmoja. Ile ya 2011 haina amri hizo kabisa, na ziko programu za leo zinazozitaka ndipo zikubali kuwaka.

Na zile nyuzi mbili kwa kila kiini? Turudi shambani. Mlimaji amefika mahali pa kupanda, mbegu hazijaletwa. Badala ya kuegemea mpini akisubiri, anahamia mstari wa pili anaendelea kulima. Mbegu zikifika anarudi. Ni mtu yuleyule mmoja, hajawa wawili, ila hapotezi muda. Ndiyo maana nyuzi 8 si sawa na viini 8. Kache nayo ni kile kikapu cha mbegu alichojifunga kiunoni, na RAM ni ghala lililoko nyumbani. Kikapu cha i7 ni kikubwa zaidi, ni kweli. Lakini kikapu kikubwa hakikusaidii sana ikiwa jembe ni jembamba na anayeleta mbegu kutoka ghalani anatembea polepole. RAM ya i7-2600 ni ya aina ya DDR3. Ya i3-10100 ni DDR4, iliyo na kasi kubwa zaidi.

Nisieleweke vibaya. Cheo si uongo. Cheo ni kweli ndani ya kizazi chake. Chukua i7-2600 uipambanishe na ndugu yake wa kizazi kilekile, i3-2100, yenye viini 2 tu. Hapo i7 inashinda waziwazi. Na ukichukua i7 ya kizazi cha 10, kama i7-10700 yenye viini 8, hiyo i3-10100 itaisalimia kwa heshima zote. Kosa letu ni kumchukua kaka mkubwa wa familia moja tukamlinganisha na mdogo wa familia nyingine, tukadhani tumelinganisha ndugu.

Sasa tuje kwenye kazi zenyewe, maana prosesa hainunuliwi ili ikae na alama zake. Inanunuliwa ifanye kazi.

Wewe wa steshenari pale Nyasho, kazi yako kubwa ni kuchapa barua, kutoa kopi, kuwajazia vijana maombi ya kazi na ya mkopo wa chuo mtandaoni. Nakuambia kweli: kwa kuchapa barua, hutaona tofauti kati ya prosesa hizi mbili. Hata vidole vyako vikiwa vyepesi namna gani, prosesa zote mbili zinakusubiri wewe. Na ukurasa wa maombi ukichelewa kufunguka, mara nyingi ni mtandao, si prosesa. Mtu asikutishe ukatupa mashine nzima.

Mwalimu wa taaluma kazi yake ni nzito zaidi. Ana jedwali la Excel la matokeo, majina mamia, masomo mengi, wastani, madaraja, nafasi. Baadhi ya hesabu za namna hiyo hufuatana, moja inasubiri jibu la nyingine, kwa hiyo haziwezi kugawanywa sawasawa kwa viini vyote. Hapo kinachoamua ni nguvu ya kiini kimoja, na hapo i3 ya kizazi cha 10 inamwokolea mwalimu muda wake.

Kijana wa video za harusi pale Bunda, wewe ndiye utakayeiona tofauti kubwa kuliko wote. Ukimaliza kukata na kuunganisha picha, ukibonyeza kutoa video kamili, prosesa inavilazimisha viini vyote kufanya kazi. Pale alama 5,000 na 8,000 zinageuka kuwa muda wa kulala. Na kuna jingine. Ndani ya prosesa hizi mna sehemu ya grafiki inayosaidia video. Ya i7-2600 ni ya zamani, haizijui aina mpya za kubana video. Ukicheza video ya YouTube iliyobanwa kwa mtindo wa VP9, viini vyenyewe ndivyo vinavyobeba mzigo wote, feni inavuma. Kwenye i3-10100 sehemu ya grafiki inaibeba yenyewe, viini vinapumzika. Fikiria darasa linalofundishwa kwa video, utajua kwa nini hilo lina maana.

Msikilizaji, hapa nataka nisimame kidogo, maana hapa ndipo watu wetu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia.

Niliwahi kualikwa na rafiki yangu dukani nimsaidie mtu kuchagua. Sitalitaja duka. Muuzaji akaziwasha kompyuta mbili kwa pamoja mbele yetu, moja ya zamani na moja mpya zaidi. Ile ya zamani ikafika kwenye skrini ya kazi wakati nyingine ingali inazungusha duara. “Mnaona wenyewe,” akasema. Na kweli tuliona. Lakini tulichokuwa tunakiona hakikuwa prosesa. Ile ya zamani ilikuwa imewekewa SSD, diski ya kasi isiyozunguka, na ile mpya ilikuwa na diski ya kuzunguka. Tulikuwa tunapima diski! Tukaomba diski zibadilishane, na mshindi akabadilika.

Kwa hiyo ukitaka kulinganisha prosesa mbili kwa haki, kitu kimoja tu kibadilike, vingine vyote vibaki sawa. SSD ileile, RAM kiasi kilekile, Windows ileile, programu ileile. Kisha usiwashe tu na kuzima. Njoo na kazi yako mwenyewe kwenye flashi: jedwali lako la matokeo, au kipande chako cha video cha dakika tano. Endesha kazi hiyo kwenye mashine ya kwanza, upime kwa saa ya simu. Rudia mara tatu, uchukue jibu la katikati, kwa sababu mara ya kwanza kompyuta bado inajipanga. Kisha fanya hivyohivyo kwenye ya pili. Muuzaji mwaminifu hatakunyima nusu saa hiyo.

Na wala usikubali stika. Stika inabanduliwa na kubandikwa. Kwenye kompyuta ya Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa utendaji, utaona jina kamili la prosesa limeandikwa juu kulia, na viini vyake, na nyuzi zake. Hayo ndiyo meno. Yanachukua nusu dakika kuyatazama.

Angalia na joto. Mashine iliyofanya kazi miaka kumi, kisha ikaja kula vumbi letu la kiangazi, mara nyingi ile pesti kati ya prosesa na chuma cha kupoozea imekauka. Prosesa ikichemka inajipunguzia mapigo ili isiungue. Ukizipima mbili hizi moja ikiwa inachemka, umepima vumbi. Isafishwe kwanza, ipakwe pesti mpya, ndipo upime.

Lipo jambo jingine linalotofautisha prosesa hizi, na halimo katika alama zozote. Sisi watu wa Mara tarehe 14 Oktoba tunaijua. Ni siku tuliyompoteza Mwalimu Nyerere mwaka 1999, na kila mwaka siku hiyo macho ya taifa yanageukia Butiama. Basi tarehe hiyohiyo, 14 Oktoba 2025, Microsoft walimaliza muda wao wa kawaida wa kuihudumia Windows 10. Kompyuta iliyobaki nayo itaendelea kuwaka, lakini bila kujiandikisha kwenye mpango wa nyongeza haipati tena masasisho ya usalama. Na Windows 11, kwa upande wa Intel, inataka kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 kwenda mbele, pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. i3-10100 inakubalika. i7-2600 haipo kwenye orodha. Zipo njia za kuilazimisha, mafundi tunazijua, lakini ofisi inayotunza alama na taarifa za watoto wa watu haifai kusimama juu ya njia za kulazimisha.

Nizungumzie na umeme, maana wote tunanunua LUKU. i7-2600 imepangiwa joto la wati 95, na i3-10100 wati 65. Tofauti ni wati 30. Tuseme zinafanya kazi kwa nguvu zote saa 8 kwa siku, siku 22 kwa mwezi. Tofauti hiyo inakuwa yuniti 5 na kidogo. Kwa mtumiaji wa kawaida ambaye elfu moja inampa yuniti zisizofika tatu, ni karibu shilingi elfu mbili kwa mwezi kwa mashine moja. Hicho ni kiwango cha juu, kwa sababu kompyuta haikimbii kwa nguvu zote kutwa nzima. Lakini shule yenye mashine kumi, au shule ya kijijini inayotegemea sola, hesabu hiyo haiwezi kuidharau. Na kumbuka mwenye jembe pana anamaliza mapema. Anatumia umeme mdogo, kwa muda mfupi zaidi.

Je, mwenye i7-2600 aitupe? Hapana, msikilizaji. Nasema hapana kwa nguvu zote. Kama unayo tayari, iwekee SSD na RAM ya kutosha, isafishe, ipake pesti. Utaona kama imefufuka. Ikikosa Windows 11, upo mfumo wa Linux, kwa mfano Linux Mint, hauna gharama na unaendelea kupata masasisho. Wanafunzi wajifunzie kuandika, wajifunzie majedwali, wajifunzie hata kuandika programu. Mashine hiyo bado ina kazi. Ninachokataa ni kitu kimoja: kumuuzia mtu meno ya mwaka 2011 kwa bei ya pembe.

Nchi hii ina kumbukumbu yake juu ya kununua kompyuta. Kompyuta ya kwanza Tanzania, aina ya ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965 kwa ajili ya hesabu za serikali. Miaka iliyofuata mfumo wa hesabu hizo uliyumba, ukaleta hasara, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, isipokuwa kwa kibali maalumu. Ilichukua miaka mingi mlango huo kufunguka. Leo mlango uko wazi, mashine zinaingia kwa makontena, na katika Butiama ileile alikozaliwa Mwalimu Nyerere kuna chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina lake. Zamani uamuzi ulikuwa wa wizara. Leo ni wa mwalimu mwenye profoma mbili mkononi. Akikosea hakuna atakayepiga marufuku chochote, ila shule yake itakaa na kosa hilo miaka mitano, kumi. Kwa hiyo anastahili kuambiwa ukweli wote kabla hajatoa pesa.

Ndugu zangu wenye maduka, Musoma na Bunda, nawaomba kwa heshima. Andikeni namba kamili. Si “Core i7” tu, bali “Core i7-2600, ya mwaka 2011”. Hamtapoteza mteja. Atakayetaka ya bei nafuu kwa kazi nyepesi ataichukua akijua, na atarudi kwenu kununua SSD. Yule mliyemficha namba ndiye ambaye hatarudi.

Na mwalimu wangu wa Bunda? Siku ile hakuniuliza anunue ipi. Alichukua kalamu nyekundu mkobani, ile ya kusahihishia, akaandika namba ya kizazi na mwaka pembeni mwa kila profoma, akazikunja, akasema, “Bodi nitaifundisha mwenyewe.” Akaondoka kuwahi basi.

Wiki iliyofuata alinitumia picha kwenye simu. Ni profoma mpya, kutoka maduka yote mawili. Katika kila mstari, baada ya kistari, namba ilikuwa imeandikwa yote.